Sura ya Sita: Kuingia Katika Mwito Mmoja

Maagizo ya programu ya kompyuta hayatekelezwi kwa kufuatana tu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bali mashine huruka kutoka fungu moja la maagizo kwenda jingine, ikafanya kazi iliyopo huko, kisha ikarudi ilikotoka ikiwa na jibu. Fungu la namna hiyo lililopewa jina lake huitwa funksheni, na tendo la kuitaja funksheni kwa jina ili ifanye kazi yake huitwa mwito. Anayetafuta kosa katika programu hukutana na miito hiyo kila baada ya hatua chache, na kwa kila mmoja hana budi kuamua ama kuufuata ndani ama kuuacha upite na kungoja jibu lake. Wanafunzi wengi hufundishwa namna ya kufanya yote mawili lakini hawafundishwi namna ya kuchagua, ilhali kuchagua ndiko kunakotenga kazi ya dakika kumi na kazi ya siku nzima.

Chombo kinachotumika katika utafutaji huu kitaitwa hapa kitatuzi. Neno utatuzi limeshazoeleka kwa wenye simu za Android, ambazo kwa Kiswahili huandika "Utatuzi wa USB" katika mipangilio ya wasanidi programu, ingawa katika mazungumzo ya vyuoni husikika pia debaga. Kitatuzi huiacha programu iende mpaka mahali palipowekewa alama, kisha huisimamisha hapo ikiwa bado hai, na thamani zake zote zikiwa kama zilivyokuwa katika sekunde ile, ili mtu azikague moja moja. Alama hiyo ni kituo. Wazo la kituo ni kongwe kuliko skrini yenyewe: mashine ya ENIAC iliyojengwa Marekani na kuonyeshwa hadharani mwaka 1946 ilipangiwa kazi kwa kuunganisha nyaya, na istilahi ya kituo huhusishwa na Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita walioipangia kazi hiyo, kwa kuwa kuuchomoa waya uliopeleka ishara kwenye hatua inayofuata kuliisimamisha mashine pale palipotakiwa. Funksheni nayo, kwa maana ya fungu linaloendewa na kurudiwa, ilipata umbo lake Cambridge, Uingereza, ambako David Wheeler aliibunia mashine ya EDSAC, iliyoanza kazi Mei 1949, njia ya kuruka kwenda kwenye maagizo yaliyotungwa kando huku ikikumbuka mahali pa kurudi. Kumbukumbu hiyo ya mahali pa kurudi ndiyo kiini cha kila kitakachoelezwa katika sura hii.

Programu inaposimama kituoni, kitatuzi hutoa hatua tatu. Kuvuka ni kuuacha mwito ufanyike wote kwa mara moja na kusimama tena kwenye mstari unaofuata. Kuingia ni kuufuata mwito ndani na kusimama kwenye mstari wa kwanza wa funksheni iliyoitwa. Kutoka ni kuiacha funksheni aliyomo mtu imalize kazi yake na kusimama pale ilipoitwa. Kando ya hatua hizo huonyeshwa mrundo wa miito, yaani orodha ya funksheni zilizoanza na hazijamaliza, ya karibuni ikiwa juu na iliyoziita nyingine ikiwa chini, ili aliyezama kina cha miito kumi aweze kuona amepitia wapi.

Shida huanza pale mstari mmoja unapobeba miito mingi, na katika programu za kweli mistari ya aina hiyo ndiyo mingi. Mstari ufuatao ni wa kubuni, lakini umbo lake ni la kila siku:

onyesha(tafuta(hakiki(soma(ingizo))))

Miito iliyomo ni minne, na mashine haiifanyi kwa mpangilio wa kuandikwa kutoka kushoto, bali huanza na ule wa ndani kabisa, kwa sababu wa nje hauwezi kuanza kabla ya kupewa thamani unayoingoja. Kwa hiyo soma hufanyika kwanza, jibu lake likapelekwa kwa hakiki, la hakiki likapelekwa kwa tafuta, na mwisho onyesha ikaandika matokeo kwenye skrini. Mtu akisimama hapa na kubonyeza kitufe cha kuingia, atajikuta ndani ya soma, hata kama aliyoitaka ni tafuta. Akivuka, ameipita miito yote minne kwa pamoja na hajaona kitu. Na akishikilia kuingia kila mahali, kitatuzi kitamtumbukiza katika funksheni zinazoitwa na soma, kisha katika maktaba za lugha ya programu zinazokata nafasi tupu na kupanga herufi, msimbo ulioandikwa na watu wengine na kujaribiwa na maelfu ya watumiaji kwa miaka mingi. Mfano wake ni abiria aliyepanda matatu Kitale akiwa na ujumbe wa kufikisha Cheptais, akawa anashuka Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Chwele, na katika kila mji anaulizia kama ujumbe wake umefika.

Upande wa Kenya iliko miji hiyo una sababu yake ya kulijali jambo hili, kwa kuwa mojawapo ya programu za tiba zinazotumika katika nchi nyingi ilianzia katika zahanati za Bonde la Ufa na magharibi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, katika eneo la Nandi, si mbali na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mradi wa AMPATH, uliozaliwa na ushirikiano huohuo na kupanua matibabu ya Virusi vya UKIMWI kutoka Eldoret hadi vituo vingi vikiwemo vya Kitale, Webuye na Mlima Elgon, uliongeza wagonjwa kwa kasi ambayo mfumo ule wa kwanza haukuweza kuibeba. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis walifika Eldoret, wakaiona hali hiyo, na kutokana na kazi yao pamoja na ya wenzao wa Boston na Afrika Kusini ikazaliwa OpenMRS, ambayo Eldoret ilianza kuitumia mwaka 2006. KenyaEMR, mfumo unaotumika katika vituo vingi vya serikali nchini, umejengwa juu yake. OpenMRS imeandikwa kwa lugha ya Java, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, awe Indianapolis au Chuo Kikuu cha Kibabii kilichopo Bungoma.

Katika mfumo wa aina hiyo mgonjwa hutambulikana kwa namba kuliko kwa jina. Cheptais iko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ndani ya kaunti ya Bungoma na karibu na mpaka wa Uganda, na Wasabaot wa upande huu wana ndugu wa lugha na majina upande wa pili. Wanawake wawili wanaoitwa Chemtai au wanaume watatu wanaoitwa Ndiema wanaweza kuketi kwenye benchi moja siku moja ya kliniki. Namba nayo ina hatari yake, kwa kuwa mtu huiandika kwa mkono, mwingine akaisoma, na wa tatu akaichapa; katika miaka ya mwanzo ya AMPATH fomu zilijazwa vituoni kwa kalamu na kupelekwa Eldoret zikachapwe na makarani. Kinga iliyochaguliwa ni tarakimu ya ukaguzi, yaani tarakimu ya ziada mwishoni mwa namba inayotokana na hesabu ya zile zilizotangulia, ili namba iliyokosewa ijitangaze yenyewe. Hesabu inayotumika sana ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1960, na ndiyo inayolinda kadi za benki hata leo. OpenMRS ina kihakiki chake kinachoitegemea.

Hesabu yenyewe inafaa kufanywa kwa kalamu mara moja, kwa sababu mfano utakaofuata unaitegemea. Namba 04153 inahitaji tarakimu ya ukaguzi. Kuanzia kulia, tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano huzidishwa kwa mbili, na jibu likipita 9 huondolewa 9. Tarakimu 3 huwa 6, 5 hubaki 5, 1 huwa 2, 4 hubaki 4, na 0 hubaki 0. Jumla yake ni 17, na inayopungua ili kufika 20 ni 3, kwa hiyo namba kamili ya kadi ya mgonjwa ni 041533. Karani akigeuza tarakimu mbili na kuchapa 045133, jumla ya tarakimu tano za mwanzo huwa 12, tarakimu ya ukaguzi inayotakiwa huwa 8 wala si 3, na mfumo hukataa papo hapo. (Hesabu ya Luhn ina upofu wake: 09 ikigeuzwa 90 haioni tofauti. Hilo ni jambo la kujua, lakini silo kosa linalotafutwa hapa.)

Ichukuliwe basi kwamba katika nakala ya mfumo kama huo, iliyorekebishwa na mtu kwa haraka, mgonjwa mwenye kadi 041533 anafika hospitali ya Cheptais, karani anaichapa namba yake bila kukosea, na skrini inajibu kwamba mgonjwa huyo hayupo. Faili lake lipo, na liliandikishwa miaka mitatu nyuma. Wagonjwa walio mbele na nyuma yake kwenye foleni wanapatikana bila taabu. Tukio hili ni la kubuni, lakini kosa lake ni la aina inayojirudia popote namba zinapoanza na sifuri, iwe ni namba za simu, za akaunti au za wanafunzi.

Mwenye kutafuta anaweka kituo kwenye mstari ule wa miito minne. Mahali pa kwanza pa kushukiwa ni hakiki, kwa kuwa ndimo mlimo na hesabu, na watu huogopa hesabu. Hata hivyo hakiki ingeona kasoro ingetoa ujumbe wa namba batili, wala isingeipeleka namba mbele. Ujumbe uliotoka ni wa "hayupo", na funksheni pekee inayoweza kuutoa ni tafuta. Hapa ndipo uchaguzi unapofanyika, nao si wa kubahatisha: ushahidi uliokwisha kupatikana umeelekeza kwenye mwito wa tatu kutoka ndani, na kwa hiyo mtafutaji anaziacha soma na hakiki zifanye kazi zao bila kusimama, akaingia tafuta peke yake.

Akishaingia, jambo la kwanza kutazamwa si mistari ya tafuta bali ni thamani iliyofika mlangoni mwake. Wengi hukosea hapa, kwa maana hudhani kuingia katika funksheni ni kwenda kuisoma, na wakianza kuisoma husahau kuuliza imepewa nini. Thamani iliyofika ni 41533. Kwenye hifadhidata namba zote zimetunzwa kama maandishi, na maandishi yaliyopo ni 041533. Tafuta inalinganisha herufi kwa herufi, inaona hazifanani, na inajibu kwa ukweli kabisa kwamba hakuna mgonjwa wa namba hiyo. Tafuta haina kosa. Hakuna haja ya kusoma mstari wake wa pili.

Kosa liko nyuma, katika soma au hakiki, na sifuri iliyopotea inaeleza jinsi lilivyopita bila kuonekana. Soma ilikuwa imebadilishwa ili igeuze kilichochapwa kuwa namba kamili ya hesabu, na kwa namba ya hesabu sifuri ya mbele haina maana, hivyo 041533 ikawa 41533. Hakiki iliipokea, ikaitenga tarakimu ya mwisho, na ikapiga hesabu ya Luhn juu ya 4153: 6, 5, 2 na 4, jumla 17, tarakimu ya ukaguzi 3. Kwa kuwa hesabu hiyo huanzia kulia na sifuri ya kushoto haiongezi chochote, jibu ni lilelile, na mlinzi aliyewekwa mlangoni akamruhusu mgeni apite akiwa amepungukiwa na kitambulisho.

Msomaji makini atapinga kwamba mtu ambaye angebonyeza tu kitufe cha kuingia angefika soma kwanza kabisa, yaani mahali pa kosa, na kwamba uchaguzi umemzungusha mtafutaji bure. Pingamizi hilo lina nguvu, na jibu lake ndilo hoja ya sura hii. Aliyeingia soma bila kuwa na swali angeona 041533 ikiingia na 41533 ikitoka, na asingeshtuka, kwa sababu kugeuza maandishi kuwa namba ndiyo kazi aliyokusudia mwandishi wa soma, na 41533 ni namba halali isiyo na dosari. Upungufu wa thamani hiyo hauonekani mahali inapozaliwa. Huonekana mahali inapotumika, pale inapowekwa kando ya maandishi ya hifadhidata. Mtafutaji aliyeanzia tafuta anarudi soma akijua anachokitafuta, nacho ni sifuri moja, na huipata kwa kutazama mara moja.

Vitatuzi vya leo vina njia kadhaa za kuufikia mwito uliochaguliwa. Katika IntelliJ IDEA, kitufe cha F7 huingia katika mwito unaofuata, lakini Shift na F7 kwa pamoja huorodhesha miito yote ya mstari ambapo programu imesimama ili mtu ateue mmoja. Eclipse humtaka mtumiaji aweke kishale juu ya jina la funksheni na kubonyeza Ctrl na F5. Visual Studio ya Microsoft huiweka orodha hiyo kwenye menyu inayofunguka kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na VS Code ina agizo la namna hiyo kwa lugha ambazo kitatuzi chake kinaliruhusu. Anayehama kutoka chombo kimoja kwenda kingine ajihadhari, maana F7 ya IntelliJ huingia ilhali F7 ya Eclipse hutoka, na vidole vyenye mazoea vinaweza kumtoa mtu ndani ya funksheni aliyoitafuta kwa nusu saa.

Pasipo na orodha ya kuteulia, kama katika GDB, kitatuzi kilichoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986 na kinachotumika bado kwa lugha ya C na jamaa zake, mtu huweka kituo cha muda kwenye mlango wa funksheni anayoitaka na kuiacha programu iende. Ikishasimama hapo mara moja, kituo hicho hujifuta. Anaweza pia kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, mpaka zamu ya mwito wake ifike, na kwa mstari wa miito miwili au mitatu njia hii ya kizamani haina ubaya wowote. Katika C kuna tahadhari ya ziada, kwa kuwa lugha hiyo hailazimishi mpangilio ambao thamani mbili zinazopelekwa kwa funksheni moja hukokotolewa, kwa hiyo mwito wa kwanza kuandikwa unaweza kuwa wa pili kufanyika. Java huamuru kutoka kushoto kwenda kulia, na mwenye kuzoea Java hushangaa akivuka upande wa pili.

Kituo kinaweza kuwekewa sharti. Mfumo unaohudumia mamia ya namba kwa siku hausimamishwi kwa kila moja, bali huambiwa usimame ndani ya tafuta pale tu jibu linapokuwa tupu, au ndani ya soma pale tu kilichochapwa kinapoanza na sifuri. Sharti la namna hii ni dhana iliyoandikwa kwa lugha ambayo mashine inaielewa, na programu isiposimama hata mara moja, dhana imekanushwa na muda haujapotea. Kuna pia mchujo, ambao ni agizo kwa kitatuzi kwamba kisiingie kamwe katika funksheni za maktaba fulani. IntelliJ na Eclipse zina michujo ya kuziruka maktaba za msingi za Java, na GDB ina agizo lake la kuruka faili au funksheni zinazotajwa. Kuuweka mchujo mwanzoni mwa kazi ni busara, mradi mtu akumbuke kuuondoa siku atakaposhuku maktaba yenyewe, ingawa siku hizo ni chache kuliko wanavyodhani wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Msimbo wa kweli wa OpenMRS unaonyesha kwa nini hata uteuzi mzuri hauwi rahisi kila mara. Mstari wa kumhifadhi mgonjwa huandikwa kwa kawaida hivi:

Context.getPatientService().savePatient(mgonjwa)

Miito ni miwili. Wa kwanza huomba huduma inayoshughulikia wagonjwa, na wa pili huiambia huduma hiyo imhifadhi mgonjwa. Kuingia kwa kawaida humpeleka mtu kwenye wa kwanza, ambao hauna la kumwambia, kwa kuwa kazi yake ni kukabidhi tu. Lakini hata akiuteua wa pili, kilichokabidhiwa si huduma yenyewe bali ni wakala aliyewekwa mbele yake na maktaba ya Spring, na wakala huyo huupitisha mwito katika vizuizi kabla ya kuufikisha: kimoja hukagua kama aliyeingia kwenye mfumo ana ruhusa ya tendo hilo, kingine hujaza jina la aliyeandika na tarehe ya kuandika, na kingine huandika kumbukumbu ya tukio. Majina ya vizuizi hivyo katika msimbo ni AuthorizationAdvice, RequiredDataAdvice na LoggingAdvice. Mgeni anayefuata mwito huo hatua kwa hatua hujikuta kwenye mrundo wenye majina marefu asiyoyafahamu hata moja, naye hudhani amepotea, ilhali yuko njiani. Njia fupi ni kuufungua msimbo wa PatientServiceImpl, ambamo kazi ya kuhifadhi hufanyika, na kuweka kituo kwenye mstari wa kwanza wa savePatient iliyomo humo. Vizuizi vitapita vyenyewe. Na iwapo kosa linalotafutwa ni la mtumishi anayekataliwa kufungua faili ingawa ana haki, basi uchaguzi hugeuka, kwa kuwa kizuizi cha ruhusa ndicho kinachostahili kuingiwa na huduma yenyewe haina la kujibu.

Kuisimamisha programu kuna gharama ambayo vitabu vya utangulizi huigusa kwa juu tu. Programu iliyosimama kituoni imemsimamisha kila aliyeungojea mwito huo: kwenye kompyuta ya mwanafunzi hakuna anayeumia, lakini kwenye seva inayohudumia kliniki mtafutaji mmoja anaweza kufunga rekodi ya hifadhidata na kuacha foleni nzima ikitazama skrini isiyojibu. Kitatuzi kisiunganishwe na seva ya hospitali wakati wa kazi. Hutumika nakala, na nakala hiyo iwe na wagonjwa wa kubuni, kwa sababu kitatuzi huonyesha kila thamani waziwazi, majina na matokeo ya vipimo yakiwemo, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Mwenye kutafuta kosa la sifuri hahitaji kujua ni nani mwenye kadi. Anahitaji tarakimu sita tu.

Kuna pia makosa yanayobadilika yakitazamwa. OpenMRS hutumia Hibernate, maktaba inayochelewesha kuleta sehemu za rekodi kutoka hifadhidata mpaka zitakapoombwa, na kitatuzi kinapoonyesha rekodi kwenye dirisha lake huenda kikaziomba sehemu hizo chenyewe, hivyo zikaletwa mapema na kosa lililotokana na kukosekana kwazo likatoweka mbele ya macho ya mtafutaji, kisha likarudi akishafunga kitatuzi. Kuna hatari nyingine: baadhi ya vitatuzi huruhusu kurudi nyuma hadi mwanzo wa funksheni na kuirudia. Kwa funksheni inayosoma tu, kurudia hakuna madhara. Kwa inayoandika, kila marudio yanaweza kuwa rekodi nyingine, na aliyeirudia mara tatu ili aelewe vizuri anaweza kuacha rekodi tatu mahali pa moja. Ndiyo maana kabla ya kuingia katika mwito wowote yafaa kujua kama unasoma au unaandika, na jina la funksheni, likiwa limechaguliwa kwa uaminifu, hulijibu swali hilo bila kuingia.

Marekebisho ya kosa la Cheptais ni mafupi: soma iiache namba ya kadi ikiwa maandishi kama ilivyochapwa, na hakiki igeuze tarakimu kuwa namba moja moja wakati wa hesabu yake tu. Baada ya hapo hujaribiwa kadi yenye sifuri moja mbele, yenye sifuri mbili na isiyo na sifuri, kila moja kwa kuingia tafuta na kutazama kilichofika mlangoni. Marekebisho hayo hayagusi yaliyokwisha kuandikwa. Kila mgonjwa aliyeambiwa hayupo katika siku za kosa hilo alifunguliwa faili jipya, na mafaili hayo mawili hayajiunganishi kwa sababu tu msimbo umetengenezwa. OpenMRS ina sehemu ya kuyaunganisha, na hutumiwa na mtu aliyekaa na kadi mkononi, faili moja baada ya jingine.